Barua kwa mwanangu: daftari la mama yako

Mama'angu, assalaam aleikum.

Juzi ulipopiga ukaniuliza baba umekula nikakwambia nimekula, ukasema umekula nini, nikakaa kimya alafu mtandao ukakata. Mtandao haukukata. Nilikata mimi, kwa sababu nilikuwa nimekula mkate na chai ya rangi saa nane mchana na sikutaka uanze, maana najua ukianza tu dakika tano haziishi simu inalia elfu kumi imeingia. Sasa leo nimekaa hapa barazani nimeamua nikuandikie yote kwa mkupuo, ni ndefu na vidole vyangu na hii simu haviivani, isome ukishatoka kazini.

We unajua mi nimefundisha hesabu miaka 34, darasa la sita na la saba. Riba, asilimia, faida na hasara, yule mkulima aliyenunua mbuzi watano akauza watatu nimemkokotoa mimi mpaka chaki zikaisha. Basi mwezi wa kwanza baada ya arubaini ya mama yako nikachukua karatasi nikaandika, pensheni 410,000, kodi ya vile vyumba viwili vya uani 70,000, jumla 480,000, mtu mmoja, hana mtoto wa shule, hanywi, havuti. Nikajiambia hii inabaki. Tarehe 13 ilikuwa imeisha. Sio imepungua mama, imeisha, nilikuwa natafuta mia tano kwenye mifuko ya makoti ya zamani.

Kosa nilijua baadae. Nilienda soko la Mgandini hapa Tanga na baiskeli nikanunua kama mwalimu, yani kwa jumla, maana darasani siku zote anayenunua kwa jumla ndo anapata nafuu. Mchele kilo 50, mafuta ndoo ya lita 20, sukari kilo 10, nikajaza na mtungi mkubwa wa gesi siku hiyo hiyo, nikarudi nyuma ya bajaji najiona mjanja. Mchele ukaingia fukusi. Mafuta kila aliyepita akaomba kidogo, na mtu akiona ndoo ya lita 20 jikoni kwa mzee anayeishi peke yake utamwambia nini? Mama yako alikuwa ananunua mafuta ya kupima na mchele nusu kilo, nikawa namwona ana akili za kimaskini, nimeshawahi hata kumwambia, Mungu anisamehe. Kumbe nyumba isiyo na akiba ya kuonekana haiombwi. Na samaki alikuwa haendi soko la Deep Sea asubuhi na mapema kama mimi, alikuwa anasubiri jua lipande wachuuzi waanze kuogopa mzigo utaharibika, hapo ndo anafika na kikapu chake anasema mwanangu nina elfu tatu tu.

Umeme nao. LUKU ilikuwa inakula mpaka nikadhani wapangaji wamejiunganishia. Nikalaumu ile kodi ya jengo wanayokata humo humo toka 2021, ila nikipiga hesabu haifiki. Ni friza. Ile friza ya barafu za ukwaju na ubuyu, ilikuwa inawaka tupu miezi minne, ndani hamna kitu, ukuta wa barafu mpaka mlango haufungi vizuri. Mpangaji ndo alinionyesha, akasema babu si uizime. Nikamwambia ntaizima. Sikuizima wiki nzima tena. Usiku nyumba ikinyamaza inanguruma alafu inatulia alafu inanguruma, na nilishaizoea. Siku niliyochomoa ile plagi nililala sebuleni. Haya tuyaache hayo.

Shangazi yako nae hakuniacha nipumue. Mwanamke akifiwa ana eda yake, miezi minne na siku kumi, hamna wa kumsogelea. Sisi wanaume hatuna hata wiki. Tanga ilikuwa haijamaliza kunipa pole nishaletewa majina mawili, mmoja mjane wa Makorora ana nyumba yake, ati mwalimu utakufa na chai. Nikamwambia dada acha kwanza nijue bei ya nyanya.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Unakumbuka baada ya mazishi wale wamama wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, walikuja wamekaa ukumbini hawasemi? Nikadhani wanaona haya kuidai hela ya kikundi. Kumbe kasha lao lina kufuli tatu na funguo moja anashika mama yako, na wao wiki ile hawakuweza kufungua, mkutano ulivunjika watu wana marejesho mkononi. Walitoa rambirambi kwa kuchangishana mifukoni kwa sababu mfuko wa jamii wenyewe, ule wa kusaidiana kwenye shida, uko ndani ya kasha! Nilitafuta ule ufunguo siku tatu. Ulikuwa kwenye kopo la biskuti la nyuzi na sindano, umefungwa na uzi mwekundu, na chini yake kuna daftari. Daftari la mraba, lile la hesabu, nina hakika limetoka kwenye kabati langu la shule. Ameandika kwa penseli toka Januari 2017.

Mama yako aliishia darasa la saba na alikuwa anasema hesabu hajui. Daftari lile lingekuwa la mwanafunzi wangu ningelipeleka darasani likaonyeshwe. Kila siku mstari mmoja, kushoto kilichoingia kulia kilichotoka, vifupisho vyake mwenyewe. B ni barafu. K ni kijumbe, yule anayekusanya hela za mchezo wa kupeana kwa zamu. Kwenye kurasa za nyuma kuna orodha ya aliowakopesha, watu 14, mmoja elfu 6 mwingine 25, jumla nimejumlisha mara mbili ni 186,000.

Makaburini kaka yako alisimama akatangaza kama kuna mtu anamdai marehemu ajitokeze, hakutokea mtu. Hakuna aliyetangaza nani anadaiwa nae. Yule mama muuza vitumbua wa kona alikuja mwenyewe kabla hata sijaliona daftari, amefungua pindo la khanga akahesabu elfu 6 ya sarafu kwenye meza, akasema hii ni ya bi mkubwa nisije nikaulizwa nayo. Nilivyokuja kufungua daftari, ni elfu 6 kweli. Mwingine, sikutajii, ni mtu wa heshima zake, anadaiwa 25,000 na nilipomuuliza kwa adabu kabisa akasema mwalimu mbona tulishamalizana na mkeo. Kwenye daftari hawajamalizana. Na daftari lile halijakosea popote nilipolipima.

Kwahiyo imebaki 180,000 nje. Mi nilitaka kuwasamehe wote, nione kila mtu ana amani, mama yako angefanya hivo. Nikaenda kwa sheikh nikijua ataniambia allah akulipe kheri. Akaniuliza, mwalimu hizo hela ni zako? Nikanyamaza. Deni ni mali ya marehemu kama vile kitanda chake, inaingia kwenye mirathi, na mi nasamehe fungu langu tu. Bibi na babu yako walishatangulia kwahiyo hesabu ni nyepesi, mume robo, kinachobaki ninyi wawili, wa kiume mara mbili ya wa kike. Mimi 45,000, kaka yako 90,000, wewe 45,000. Hata ukiona ni vihela vidogo, ni vyako. Kaka yako nimemuuliza akasema baba sameheni, ila yule wa elfu 25 yeye hamsamehi mpaka amtazame usoni. Wewe unasemaje? Usinijibu haraka kunifurahisha. Ukitaka chako ntakikusanya, na sitaona vibaya hata kidogo.

Na kwa sababu nimegusa mirathi, zile hela za kwenye laini ya mama yako zimetoka. Mnajua wote namba yake ya siri ilikuwa mwaka wako wa kuzaliwa, na kila mtu mtaani aliniambia mwalimu toa tu kabla laini haijafungwa. Kaka yako akakataa, sa hivi namshukuru. Tukafuata njia, cheti cha kifo RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo, Mahakama ya Mwanzo, fomu namba 1, tangazo likabandikwa, tukasubiri, mpaka ile namba 4 ya usimamizi ndo watu wa mtandao wa simu wakatuhudumia. Imebaki kurudisha orodha ya mali na mgawanyo mahakamani. Nenda rudi nyingi, kopi nyingi, ila sa hivi hamna shangazi wala mjomba wa kuja kusema mzee alikomba simu ya mkewe maiti haijapoa. Katikati hapo alinipigia kijana ana sauti ya upole, anajua jina langu lote, anasema mafao ya marehemu yapo tayari bado 50,000 ya kuprosesi. Nilikuwa nishafungua menyu ya kutuma mama, nikakumbuka mama yako hakuwahi kuajiriwa popote. Mafao gani ya muuza barafu! Nikamwuliza jina la huyo marehemu analo, akakata.

Nirudi kwenye daftari. Kuna kifupisho kimoja kilinisumbua siku nyingi. Mw. Kila mwanzo wa mwezi, Mw 20,000 pembeni. Alafu kwenye tarehe 22, saa nyingine 21, Mw kachukua. Mwisho wa mwezi, Mw karudisha, K. Nikawaza Mw ni nani huyu anayekopa kila mwezi bila kukosa na hayupo kwenye orodha ya wadeni. Mwenye nyumba hatuna. Mwajuma jirani alihama. Nilikuwa nanyoa ndevu asubuhi ndo ikanijia. Mw ni mwalimu. Ni mimi.

Unakumbuka mimi kila tarehe ishirini na kitu nilikuwa nazunguka uani nakohoa? Alafu mama yako anasema haya ngoja nikamuone kijumbe, anavaa khanga anatoka, anarudi baada ya nusu saa na 20,000 na maneno ya kutosha, mwalimu mzima, hela inapotea kwenye kahawa na bao, mi napata aibu kwenda kukukopea kwa watu. Nakaa kimya kwa heshima zote. Mshahara ukitoka kitu cha kwanza nalipa lile deni, 20,000, hata siku moja sijamdhulumu kijumbe! Kumbe hakuna kijumbe aliyenikopesha. Anachukua mshahara wangu, anakata 20,000 anaificha, tarehe 22 anazunguka nyumba ya jirani anapiga soga anarudi kunikopesha hela yangu mwenyewe, na mwisho wa mwezi namrudishia. Ile ninayorudisha ndo ilikuwa inaenda kwenye mchezo. Januari 2017 mpaka Juni 2019 ni miezi 30, mara 20,000 ni 600,000. Fungua kichwa chako, friza ilinunuliwa lini, kwa shilingi ngapi? Ukurasa wa mwezi wa sita umeandikwa FRIZA 600,000 na amepigia mstari mara mbili kama mi ninavyofundisha kupigia mstari jawabu.

Nilicheka peke yangu mpaka mpangaji akaja kuchungulia kama niko salama.

Basi mama'angu ombi langu ni hili. Hizi elfu kumi kumi unazotuma kila nikikohoa kwenye simu, acha. Sio kwamba nakataa hela ya mwanangu, ila zinaingia ovyo na zinatoka ovyo, na we una kodi yako ya nyumba Dodoma huko. Badala yake, pensheni ikiingia mi ntakutumia wewe 20,000. Iweke. Usinikumbushe, usiniulize. Ikifika tarehe 22 ntapiga ntalia shida, utasema huna, utasema ngoja uulize kwa watu, alafu baada ya nusu saa unirudishie. Makato ya kutuma ni juu yangu. Na usitume kimya kimya kama muamala wa LUKU, nigombeze kwanza. Kahawa na bao usivisahau.

Leo nimepika wali, umeungua chini ila juu umeiva, na kibua cha kukaanga nilichopata saa tano jua kali kwa elfu mbili.

Baba yako.

Penseli za HB huku nazopata zinavunjika ncha, ukija Idd niletee mbili. Daftari bado lina kurasa 11.