Maji Baridi Yaliyoniunguza

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako kuhusu yule chewa mkubwa mliyemvua na wenzako, mkamchemsha mpaka nyama ikaachana na mifupa, "kwa hiyo Mama usiwe na wasiwasi." Nashukuru hamkuugua. Lakini hiyo "kwa hiyo" yako ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Hukuwa umezaliwa. Nilikula samaki wa mwambani, macho yake bado yanang'aa, hana hata harufu. Usiku nikatapika na kuhara, nikasema ni tumbo tu. Kulipokucha midomo ilikuwa inanichonyota, vidole vimekufa ganzi. Nikashika bilauri ya maji baridi, nikaitupa chini: yameniunguza! Baba yako akayagusa yale maji sakafuni, akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mganga wa kwanza aliniandikia dawa ya minyoo. Wa pili ndiye aliyeniuliza nilikula nini, akautaja ugonjwa: siguatera, yaani kudhuriwa na sumu iliyomo ndani ya samaki wa mwambani. Kuhara kuliisha upesi, ila vidole vilinisumbua karibu miezi mitatu, na siku niliyoonja mvinyo kidogo, yote yakarudi.

Sumu ile samaki haitengenezi mwenyewe. Huanzia kwa kijidudu kisichoonekana kwa macho, Gambierdiscus, kinachoishi juu ya mwani wa miambani. Samaki wadogo hula mwani, wakubwa huwala wadogo, na sumu huzidi kujilimbikiza. Ndiyo maana namwogopa chewa mkubwa, mzia na mkunga, na zaidi ini, kichwa na mayai yao. Mchemshe, mkaange, mgandishe, mtie chumvi: sumu iko palepale. Wapo watakaokwambia uweke sarafu ya fedha sufuriani, au utazame kama nzi wanamkwepa. Uzushi mtupu.

Bunju usimguse kabisa. Sumu yake, tetrodotoksini, huzima neva, midomo ikaanza kufa ganzi, kisha miguu, kisha pumzi, na mgonjwa anaweza kuwa anasikia kila mnalosema juu yake. Dawa ya kuivunja hakuna. Mgonjwa huwekwa kwenye mashine ya kupumulia mpaka mwili uitoe wenyewe.

Kome na chaza nao huchuja maji mchana kutwa na kubaki na sumu ya vijimea vya baharini. Mwaka 1987 kule Kanada, kome wa Kisiwa cha Prince Edward waliugulisha watu zaidi ya 100. Wachache walikufa, na baadhi walipona wakawa hawakumbuki mambo ya juzi. Serikali ikitangaza msivune, msivune, hata maji yawe safi kama kioo.

Na yule mwenzako aliyewiva uso, moyo ukamwenda mbio baada ya kula jodari, mkasema ana mzio? Huenda hana. Jodari na vibua wakikaa bila barafu, bakteria hutengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, ndani ya nyama, na moto hauiondoi. Mwambie amweleze daktari hivyo, asije akajinyima samaki maisha yake yote bure.

Mtu akianza kusikia ganzi midomoni, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali na kipande cha samaki kilichobaki, mseme mlikula nini na saa ngapi.

Niandikie pia yule chewa alikuwa na uzito gani, na ini lake mlilifanya nini.

Mama yako