Mwanahawa, Wasikupaushe

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, na mama naye ule mguu umepata nafuu. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo limetushika. Ujumbe wako wa sauti kuhusu namna utakavyopambwa kwenye harusi yako nimeusikiliza wote, nikaona hili si jambo la kujibiwa kwa simu huku mteja yuko kwenye kiti ananisubiri. Ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu. Ukishasoma, mpe na fundi atakayekupamba asome.

Nianze na ile picha ya harusi ya binamu yako. Gauni limekukaa, kilemba kimekukaa, lakini uso ule si wako. Shingo ni yako, mikono ni yako, uso umekuwa wa kijivu kama muhogo uliogaragazwa kwenye unga. Shangazi zako wakakwambia umetakata. Mimi nakwambia walikupausha, na iliniuma kuona, kwa sababu nakujua ulivyo: mweusi tii mwenye wekundu kwa ndani, jua la jioni likikupiga unawaka. Sasa unaniambia fundi huyohuyo ndiye anayetaka kukupamba kwenye sendofu na kwenye nikahi, na ameahidi safari hii atakutoa "mweupe zaidi". Usikubali, tafadhali. Mtu wa rangi yako hapambwi kwa kupandishwa weupe. Anapambwa kwa rangi nzito, zinazoweza kusimama juu ya ngozi yake.

Nikueleze kwa nini ulitoka kijivu, maana ukijua sababu hakuna atakayekuzungusha. Faundesheni, ile krimu ya rangi ya ngozi inayopakwa uso mzima, huchanganywa kwa unga wa rangi nne: nyeupe, manjano, nyekundu na nyeusi. Hiyo nyeupe kwa kawaida ni titani dioksaidi. Hizo tatu ni oksaidi za chuma. Sasa kampuni isiyojishughulisha na watu weusi huchukua mchanganyiko wake uleule wa watu weupe, uliojaa nyeupe, ikamwagia nyeusi mpaka ukolee. Nyeupe na nyeusi zikikutana zinazaa kijivu. Ndani ya chupa utaona kahawia safi, ukishapaka ndipo kijivu kinajitokeza. Ngozi kama yako inataka nyeupe kidogo mno, na wekundu wa kutosha. Wenzetu wa maji ya kunde wengi wao wanataka umanjano zaidi. Kwa hiyo dukani usiulize tu "mna nyeusi?" Waambie unataka nyeusi yenye wekundu.

Wala si shida ya huko kwenu Tanga peke yake. Eunice Johnson kule Marekani alianzisha vipodozi vya Fashion Fair mwaka 1973, baada ya kuwaona wanamitindo weusi wa maonyesho yake wakichanganya faundesheni wenyewe ili wapate rangi zinazowafaa. Iman, yule mwanamitindo Msomali, akaanzisha vyake mwaka 1994. Mwaka 2017 Rihanna akaja na Fenty Beauty yenye rangi 40 za faundesheni kwa mkupuo mmoja, kuanzia mweupe kabisa hadi mweusi kabisa, na kampuni kubwa zikaanza kuhangaika kuongeza rangi ambazo miaka yote walisema hazina wateja. Sikutajii haya ili ukahangaike na bei zake, tena bandia zenye majina hayo zimejaa sokoni. Nakutajia ili mtu asikwambie kwamba rangi yako ni ngumu kupambwa. Wavivu walikuwa watengenezaji.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Faundesheni haijaribiwi kwenye mgongo wa mkono, ingawa wauza duka wote hukamata mkono kwanza. Mkono wako ni mwingine na uso ni mwingine. Paka mistari mitatu midogo ya rangi tatu zinazokaribiana, kuanzia taya kushuka shingoni, kisha toka nje ya duka. Taa za dukani zinadanganya. Subiri kama dakika 10 au 15, kwa sababu faundesheni nyingi hugeuka na kuwa nyeusi kidogo zikishakutana na mafuta ya ngozi. Mstari utakaopotea usiuone tena, huo ndio wako.

Tena, Mwana, uso wa mtu mweusi mara chache huwa na rangi moja. Wako ninaujua: paji la uso na pembeni mwa mdomo kumekoza, mashavu yamepoa kidogo. Fundi mzuri hataki kuufanya wote uwe sawa na mashavu. Atatumia rangi mbili, iliyopoa katikati ya uso na iliyokoza pembeni hadi kwenye shingo, na uso utabaki na umbo lake. Akikupaka moja tu, tena ile ya mashavu, ndipo unapoonekana umevaa kinyago.

Kuna binti alikuja hapa saluni siku chache zilizopita, mweusi kama wewe, chini ya macho pamekoza sana na kidevuni ana alama za chunusi. Kila alikopambwa walikuwa wanamrundikia konsila, ile krimu nzito ya kufichia madoa, ya rangi ya biskuti juu ya ule weusi, na kila mara anatoka na macho ya kijivu. Nilichukua krimu ya rangi ya chungwa iliyokoza, karibu na nyekundu ya tofali, nikaigusisha kwa ncha ya kidole pale penye weusi tu, safu nyembamba sana. Alipojiona kwenye kioo alishtuka, akadhani namchezea. Nikamwambia tulia. Weusi wa chini ya macho una ubluu ndani yake, na chungwa ndiyo inayoufuta ubluu. Nikaweka faundesheni yake juu kwa sponji yenye unyevu, kwa kugongagonga bila kusugua, na lile chungwa likazama lote. Ikabaki ngozi. Hapo ndipo nikatia konsila, inayozidi ngozi yake kwa weupe hatua moja tu, pale kwenye kona ya ndani ya jicho. Alikaa kimya akijitazama, halafu akaniomba nimpige picha bila kichujio chochote.

Poda sitakueleza kwa urefu. Ikatae ile nyeupe, hata wakikwambia ikishapakwa haionekani. Kwenye kioo kweli haionekani, lakini flashi ya mpiga picha ikiwaka, unga wenye silika nyingi, madini yale ya mchanga, unarudisha mwanga na unatoka na mabaka meupe chini ya macho. Ile ya manjano inawafaa zaidi wa maji ya kunde. Wewe tafuta ya kahawia yenye wekundu. Na usikubali wakuzime mng'ao wote. Ukitoa jasho, bandika tishu ilinyonye, usiongeze poda juu ya jasho. Mng'ao kidogo juu ya mashavu ni uzuri ambao ngozi nyeusi imepewa, na watu wananunua vipodozi ili waupate. Ukitaka kuuongeza, uwe wa dhahabu au shaba, siyo fedha.

Sasa rangi zenyewe, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ukifungua kikopo cha blashi, ile rangi ya mashavu, ukaona rangi imekutisha, jua hiyo ndiyo yako. Pinki zilizopoa zimejaa weupe, zikikaa shavuni kwako zinakuwa vumbi. Lakini pinki kali ile ya kanga mpya, chungwa lililoiva, zambarau, damu ya mzee, hizi zikifika kwenye ngozi yako zinapoa zenyewe na kuwa wekundu wa mtu aliyecheka sana. Brashi iguse kidogo, ukung'ute, upake juu ya shavu kuelekea sikioni. Ukikosa blashi, tone la lipstiki nyekundu lililosambazwa kwa kidole linatosha kabisa.

Umesema gauni la sendofu ni la kijani cha zumaridi. Basi macho tuyatie shaba. Aanze na krimu nzito juu ya kope, maana unga ukipakwa juu ya kope tupu unafifia kabla mshereheshaji hajafika. Kisha kahawia iliyokoza kwenye mkunjo, na shaba inayometa katikati, aikandamize kwa kidole, brashi inaimwaga. Usiweke kijani kwenye macho kwa sababu gauni ni kijani, utakuwa umejirudia. Kijani na bluu ya bahari tuziweke siku nyingine, na siku hiyo utaona zinavyokupenda. Wanja ndani ya jicho uwe mweusi, wa penseli mpya uliofungwa. Ule wa manga wa kupewa na bibi, sitaki kumvunjia heshima, lakini mwingine una madini ya risasi ndani yake, na risasi haifai machoni. Nyusi zisichorwe kwa nyeusi kali kama kalamu. Kahawia nzito sana inatosha.

Mdomo wako wa juu umekoza, wa chini una upinki. Usiufiche, ni mzuri. Penseli ya kahawia iliyokoza izungushe ukingo wote na iingie ndani kidogo upande wa chini, ili midomo ipatane, ndipo rangi ifuate. Kwa sendofu nataka damu ya mzee. Kwa nikahi, kwa kuwa nguo ni nyeupe na mama yako anapenda utulivu, tumia kahawia ya mdomo wako mwenyewe na glosi juu yake. Ile wanayoiita rangi ya mwili, iliyotengenezwa kwa mwili wa Mzungu, usiiguse. Itakufanya uonekane mgonjwa siku ya ndoa yako. Na kama siku moja baada ya harusi utataka nyekundu, chagua yenye ubluu kidogo ndani. Meno yatang'aa na weusi wako utakoza.

Nimeliacha mwisho jambo linaloninyima raha. Umesema shangazi amekuletea kopo la krimu isiyo na lebo ili "upoe" kabla ya siku yenyewe. Mwanahawa, huo ni mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, vimepigwa marufuku hapa nchini, na vingi vya kuchanganywa vina na dawa za steroidi. Zebaki inaharibu figo. Steroidi zinafanya ngozi iwe nyembamba, michirizi itoke, chunusi zifumuke. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka tena. Mimi ndiye ninayewapokea hao maharusi asubuhi ya harusi, ngozi imewaka, faundesheni ikigusa wanalia kwa kuwashwa. Mrudishie kopo lake kwa adabu. Mwambie somo akusugue singo na akupake liwa, kama walivyofanyiwa mama zetu. Hayo yanakutakatisha bila kukubadilisha. Ila singo ya usoni iwe laini, na siku mbili za mwisho kabla ya harusi uso usisuguliwe.

Mpiga picha naye mwitwe mapema. Mwambie, tena mbele ya kaka yako, kwamba hutaki akung'arishe kwenye kompyuta. Wengi wao huvuta mwanga mpaka mtu anakuwa rangi nyingine, kisha wanadhani wamekufanyia hisani. Akuweke karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, na apime mwanga kwa uso wako, siyo kwa gauni jeupe.

Fundi wako, kama baada ya haya yote bado anataka kukutoa mweupe, mwache. Mpigie yule dada wa Ngamiani aliyempamba mtoto wa jirani yenu. Nimeona picha zake, anajua watu weusi. Mwombe mfanye majaribio wiki mbili kabla, na siku hiyo uvae nguo nyeupe ili muone kama shingo na uso vinapatana.

Jumatano nitampa konda wa basi la asubuhi kifurushi chako. Kuna ile krimu ya chungwa, penseli ya kahawia, blashi moja ambayo utaiogopa, na lipstiki mbili za damu ya mzee, moja imekoza zaidi. Zijaribu mchana ukiwa mlangoni, unitumie picha bila kichujio, niamue ipi ya kwenda na zumaridi. Msalimie sana mama, mwambie hina ya nikahi nakuja kuisimamia mwenyewe, nitafika Alhamisi jioni ya wiki ya harusi.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Sinza