Barua kwa mwanangu wa kati

Baba, hujambo na familia,

Maneno ya baba yako mkubwa usiyaweke moyoni. Eti vijana wa sikuhizi mnaogopa jembe ndo maana mmejazana Dar kuuza soksi barabarani. Yeye mwenyewe 1983, ile operesheni ya Nguvu Kazi ya kurudisha vijijini vijana wasio na kazi, alikamatwa Kariakoo akapakiwa kwenye gari akaletwa huku Kibosho mlimani Kilimanjaro, na msimu wa kahawa haujaisha akapanda basi akarudi zake mjini. Wala hakuwa mvivu, hakuwa na pa kulima tu.

Nakuandikia haya maana naona unaongea kama mtu aliyetoroka. Piga hesabu mwenyewe. Babu yenu alikuwa na kihamba, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, cha ekari tatu, akazaa wanaume wanne, baba yako akaambulia robo tatu ya ekari, na nyie mko watatu, yaani robo ekari kila mmoja. Kwenye hiyo robo uweke nyumba, zizi, choo, migomba na makaburi, maana sisi tunazikana humo humo. Na mila yetu unaijua, mkubwa anapewa chake, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi awatunze, wa kati je? Zamani alikuwa anaenda kwa mangi, chifu wetu, anaonyeshwa pori, anapanda masale, ile mimea yetu ya mipaka, anaanza maisha, sa hivi ukipanda juu unakutana na msitu wa hifadhi na ukishuka tambarare kuna wenyewe, na mvua yake ya kubahatisha.

Halafu kahawa. Sisi tulisomeshwa na kahawa, ada ilikuwa inasubiri malipo ya pili ya chama cha ushirika na inatosha kabisa. 1989 nchi zinazouza na zinazonunua zikashindwana kule London kuhusu kwota, yaani kiasi ambacho kila nchi iruhusiwe kuuza, bei ikaporomoka, na dawa ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni, ikawa ghali kuliko buni yenyewe. Wewe umesoma kwa maziwa na ndizi nilizobeba kichwani mpaka sokoni. Watu waliacha kupalilia kahawa hata kabla nyie hamjazaliwa, sasa mnaambiwa nyie ndo mmeiua, nashangaa sana.

Na shule nayo. Unakumbuka mtoto akichelewa namba adhabu yake ni nini? Kulima. Akipiga kelele darasani, kulima. Akifeli anaambiwa utaishia kushika jembe kama mama yako. Miaka saba mtoto anaona jembe ni la wenye makosa halafu akimaliza tunamwambia haya baba shika jembe ujenge taifa, nani atakubali?

Sasa neno langu. Nasikia unataka kuanza msingi hapa nyumbani. Usijenge baba. Zunguka hiki kijiji uone majumba yenye magrili na vigae, mwaka mzima wanaishi mlinzi na kuku, Desemba wenyewe wanakuja na magari wiki mbili, mbege na nyama choma, wanafunga wanaondoka. Watu wanaona ni heshima, mi naona ni hela iliyolala. Huko Chanika mnapanga chumba kimoja na watoto wawili, nunua kiwanja huko huko ujenge hata vyumba viwili watoto wakue. Ukifa utaletwa huku, nafasi yako kwenye migomba ipo, hilo halina mjadala na mdogo wako anajua.

Ukibakiwa na kidogo basi msaidie mdogo wako apate miche ya TaCRI, wale watafiti wa kahawa pale Lyamungu, ile isiyoshikwa na chulebuni wala kutu ya majani, ang'oe hii mikahawa ya babu yenu iliyochoka. Yeye ana moyo wa kubaki, na bei sa hivi sio mbaya. Ila umpe kama biashara, muandikishane, sio hisani, maana hisani za ndugu nazijua zinavyoisha.

Nimekutumia mkungu wa ndizi mshare na maparachichi kwa basi la kesho asubuhi, uende Mbezi stendi ya Magufuli jioni hiyo hiyo usisubiri wikiendi, kule joto zitaiva zote kwa mpigo. Konda nimeshamlipa, akikudai tena usimpe. Mkamwana ampikie mtori wa ndizi mtoto, achanganye na maziwa kidogo.

Mama yako