Digrii moja siyo mchezo

Mhariri, kuna watu wanabisha eti dunia kuongezeka joto digrii moja na kitu ndo nini, mbona asubuhi na mchana tu tofauti inazidi hapo. Jamani, hiyo ni wastani wa dunia nzima! Na kitu kidogo kinaweza kugeuza mambo makubwa: mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa kule Marekani, alirudia hesabu zake za hali ya hewa kwenye kompyuta, badala ya 0.506127 akaingiza 0.506, akaenda zake kunywa kahawa, kurudi anakuta hali ya hewa ya miezi miwili imegeuka nyingine kabisa. Na barafu ya baharini je, ikiyeyuka kidogo yanabaki maji meusi, yananyonya jua zaidi, na barafu ya pembeni nayo inaondoka.