YAH: Malalamiko ya kulipishwa marekebisho ya kompyuta ya gari ambayo hayakufanyika

Mbeya,
12 Mei

Meneja wa Tawi,
Idara ya Matairi na Matengenezo,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Salaam. Mimi ni mteja wenu mwenye pikapu nyeupe ya otomatiki, forwili, iliyolala gerejini kwenu siku nne mwezi Machi. Namba ya gari na ya jobu kadi zipo kwenye nakala nilizoambatanisha. Nimeshafika kaunta mara tatu, na mara zote tatu nimejibiwa kwamba gari "litazoea". Mtu huzoea baridi ya Isyonje. Kompyuta haizoei kitu, inafuata ulichoiandikia, na yangu hamkuiandikia chochote.

Kazi mliyonifanyia mnaijua, lakini naieleza ili tuwe ukurasa mmoja na ankara yenu. Ninabeba wapima ardhi na vifaa vyao kwenda Kikondo, Matamba na huko juu Kitulo, na masika ya mwaka huu tumbo la gari lilikuwa linalima tope. Fundi wenu mkuu akanishauri nitoe matairi ya 265/65R17 nifunge 285/70R17. Akaongeza, na alisema kweli, kwamba tairi kubwa litaninyima nguvu mlimani, hivyo tubadilishe na krauni na pinioni za difu, zile gia zinazopokea mzunguko wa propela (shafti itokayo kwenye giaboksi) na kuupeleka magurudumuni: kutoka meno 41 kwa 11, yaani uwiano wa 3.73, twende 41 kwa 10, yaani 4.10. Mkabadilisha difu ya nyuma na ya mbele kwa pamoja. Hapo nawapa haki yenu, maana wapo wanaobadilisha ya nyuma peke yake, halafu siku mteja anapoingiza forwili kwenye lami ndipo anapojua alichouziwa.

Tatizo ni mstari wa mwisho wa ankara: "Kurekebisha kompyuta, 180,000/=". Nimelipa, risiti ninayo.

Siku ya kwanza tu nilipoelekea Makambako, mshale ukiwa kwenye 80, simu yangu ilionyesha 85. Nikadhani mtandao. Baada ya Igawa nikaanza kuhesabu vibao vya kilometa pembeni mwa barabara. Vilipita vibao vya kilometa 20 wakati dashibodi imehesabu 18.7. Niliporudi nyumbani nilipiga jeki gurudumu moja, nikalizungushia kamba ya katani, kisha nikaizungusha ileile kwenye tairi la akiba, ambalo mliliacha la saizi ya zamani (hilo nalo nitalifikia). Tofauti ilikuwa sentimita 17. Tairi la zamani likizunguka mara moja linakula mita 2.44 hivi, hili jipya 2.61. Kompyuta bado inaamini ni 2.44. Kila mzunguko inanidhulumu sentimita 17, na kwa kilometa moja magurudumu yanazunguka karibu mara 383.

Nilipolileta hili kaunta, kijana wenu alinijibu kwa kujiamini kabisa: "Mzee, tairi kubwa na difu fupi vinafidiana." Difu fupi ndiyo hiyo yenye uwiano mkubwa, 4.10. Sikumbishia siku hiyo kwa sababu sikuwa na la kusema. Sasa ninalo. Maneno yake ni ya kweli kwa magari ya zamani, ambayo spidomita inachukua mwendo kwenye giaboksi, upande wa propela. Huko difu mpya inaongeza mizunguko ya propela kwa asilimia 10, tairi kubwa linapunguza kwa kama 7, na mshale unabaki ukizidisha kidogo tu. Gari langu halisomi hivyo. Dashibodi inachukua mwendo kwenye sensa za ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga) zilizoko magurudumuni, na sensa hizo hazijui kama difu ni 3.73 au 4.10. Zinachokihesabu ni gurudumu linavyozunguka basi. Kwa hiyo difu haijafidia lolote kwenye mshale.

Ilichofanya difu ni kuleta ugomvi mwingine. Kompyuta ya giaboksi inapima mzunguko wa shafti inayotoka kwenye giaboksi, inaugawa kwa 3.73 ambayo ndiyo iliyoandikwa ndani yake, kisha inalinganisha na wanachosema ABS. Majibu hayafanani. Hebu fikiria, Ndugu Meneja: dashibodi inasema 80, giaboksi inaamini ni 88, barabara yenyewe inasema 85. Gari moja, spidi tatu.

Matokeo yake nayaona kila ninapopanda kutoka Uyole kwenda Isyonje nikiwa na mzigo. Giaboksi inaingia gia ya nne, inajuta, inarudi ya tatu, inajaribu tena ya nne, na abiria nyuma wanatikisa vichwa kama wanaokubaliana na mahubiri. Tarehe 21 Aprili, kwenye ukungu wa kule juu, taa ya injini ikawaka pamoja na ile ya kuteleza, gari likang'ang'ania gia moja mpaka nilipolizima na kuliwasha upya. Fundi umeme mmoja mjini alichomeka mashine yake kwenye soketi ya chini ya usukani akapata kodi (namba ya hitilafu) P215A: mwendo wa gari na mwendo wa magurudumu havikubaliani. Akafungua ukurasa wa mipangilio mbele yangu. Mzunguko wa tairi: wa kiwandani. Uwiano wa difu: 3.73. Picha ya kioo cha mashine yake nimeiambatanisha. Hakuna mtu aliyegusa kitu humo.

Halafu kuna tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima spidi. Kijiji kimoja baada ya Chimala, kibao cha 50, na mimi mshale umelala juu ya 50 kama mtoto. Trafiki akanisimamisha, akanionyesha kifaa: 53. Nikamwambia, "Afande, spidomita yangu inasema hamsini." Akanijibu, "Spidomita yako sijaipiga, nimepiga gari." Nikaandikiwa 30,000. Yule afande hakukosea. Magari yanapotoka kiwandani mshale huachwa uzidishe kidogo, hauachwi upunguze, kwa sababu kama hizi na nyingine mbaya zaidi. Mteremko wa Inyala sote tunajua yanayotokea pale. Sitaki kuushuka nikiwa na watu wanne huku dashibodi ikinificha kilometa tano.

Kinachoniuma zaidi mfukoni ni hesabu ya mkataba. Wapima ardhi wananilipa shilingi 1,500 kwa kilometa, kwa namba ya dashibodi. Tangu nitoke kwenu dashibodi imehesabu kilometa 1,400 za kazi, ambazo kwa kweli ni karibu 1,498. Hizo 98 nimezitembea kwa dizeli yangu bure, ni shilingi 147,000. Hata oili: nikisubiri 5,000 za dashibodi, injini itakuwa imekimbia zaidi ya 5,300.

Ninachoomba hakihitaji kufungua hata nati moja. Andikeni mzunguko mpya wa tairi na uwiano wa 4.10 kwenye kompyuta zote zinazohusika, betri ikiwa kwenye chaja maana umeme ukiyumba katikati ya kuandika mtaniulia kompyuta, kisha futeni kodi. Baada ya hapo tuliendeshe pamoja kwa vibao vya kilometa kumi. Kama hamna mashine ya kufanya hivyo, semeni wazi, mnirudishie 180,000 niende kwa mwenye nayo. Sitakasirika. Kilichonikasirisha ni kulipia kitu ambacho hamna na kuambiwa nizoee.

Juu ya hilo naomba mnilipe 30,000 ya faini na 147,000 ya kilometa nilizopoteza. Faini nipo tayari tuizungumze. Ya kilometa sipunguzi. Na lile tairi la akiba, mkilibadilisha kwa la saizi mpya nitalipia tairi lenyewe kwa bei yenu. Nilipaswa kuambiwa siku ile kwamba pancha moja porini itaniacha na gurudumu dogo upande mmoja, difu ikisagika na ABS ikichanganyikiwa.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nakala hizihizi nitazipeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa kulipisha huduma isiyofanyika ni jambo linalowahusu walinzi wa mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ningependelea tumalizane hapahapa Mbeya. Kazi ya difu mliifanya vizuri na ninayo mengine ya kuwaletea.

Jumatatu nipo mjini. Nitalileta gari saa mbili asubuhi, na ile kamba ya katani itakuwa kwenye dashibodi, kwa fundi atakayetaka kupima mwenyewe.

Wenu,
Mteja, mwenye jobu kadi iliyoambatanishwa

Viambatanisho: nakala ya ankara na risiti, picha ya mashine yenye kodi na mipangilio, karatasi ya faini, kurasa mbili za daftari la safari.