“Nimelipa Ili Niambiwe Niko Sawa?”

Wiki iliyopita dada mmoja alitutumia ujumbe mkali. Alilipa ada kamili, akakaa nasi dakika 40, mwisho tukamwambia uzito wake hauna tatizo. Akaona ametapeliwa. “Mzani ninao nyumbani,” aliandika, “na simu inapiga hesabu bure.” Si wa kwanza kulalamika hivyo, kwa hiyo tunaona tueleze kazi yetu ya kupima uzito na kushauri chakula ilivyo.

Ni kweli, hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na kimo, haina siri. Chukua kilo zako, gawanya kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa mtu mzima, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa afya. Chini ya hapo ni pungufu, kuanzia 25 umezidi, na 30 kwenda juu ni unene uliokithiri. Msingi wa hesabu hii uliwekwa karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, ambaye hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa takwimu, akitafuta wastani wa umbo la watu wengi.

Simu haikosei kugawanya. Tatizo ni kile unachoilisha. Dada yule aliingiza kimo cha mita 1.60, alichopimwa akiwa bado anasoma, na kilo 70 alizoziona jioni baada ya kula, amevaa jinzi, mzani ukiwa juu ya zulia. Simu ikamjibu 27.3. Kwetu alivua viatu, akasimama visigino vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele, tukashusha kibao hadi kikagusa utosi: 1.66. Mzani wetu unakaa kwenye sakafu ngumu, na kila asubuhi kabla ya kufungua tunaujaribu kwa jiwe la kilo 20. Ukasoma 68. BMI yake ni 24.7, na kiuno sentimita 76. Kwa kuwa kimo kinazidishwa kwa chenyewe, sentimita chache tu zinakuhamisha kundi.

Sasa sikia alichokuwa amefanya kwa ajili ya ile 27.3. Miezi miwili aliruka chakula cha usiku na kunywa chai ya kupunguza mwili, mpaka akawa akiinuka kitini anashikwa na kizunguzungu. Tulijumlisha naye pale mezani pesa alizomaliza kwenye chai ile. Zilizidi ada yetu mara kadhaa.

Wapo pia wanaodanganywa upande wa pili. Kaka mmoja alikuja kwa kusukumwa na mkewe: kilo 69, mita 1.70, BMI 23.9. Akataka kuondoka hapo hapo. Kiuno chake alikijua kwa saizi ya suruali, inchi 34. Lakini mkanda wake ulikuwa umefungwa chini ya kitambi! Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mtu akishatoa pumzi kawaida, bila kujibana tumbo. Tepu ikasema 98. Kwa mwanamume hatari huanza kuongezeka kwenye sentimita 94, kwa mwanamke 80. Na kwa yeyote, kiuno kikifika nusu ya kimo tunaanza kuuliza maswali. Tulimwandikia akapime presha na sukari. Sukari ikakutwa juu.

Na kuna mzee ambaye sitamsahau. Familia ilifurahi kwamba hatimaye amenenepa, kilo 5 ndani ya wiki mbili. Nilibonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, nikahesabu taratibu, nikaachia. Kishimo kikabaki pale pale. Yale yalikuwa maji yaliyojaa mwilini, si unene. Hatukumpa ushauri wowote wa chakula siku hiyo, tulimwelekeza hospitali haraka.

Ndiyo maana hatupunguzi ada kwa anayesema “mimi nipimie uzito tu.” Kupanda mzani ni sekunde. Ada inalipia kimo kinachopimwa mara mbili, kiuno, maswali kuhusu dawa unazotumia na uzito wako wa mwaka jana, kwa sababu kilo zinazopungua zenyewe bila mtu kujaribu zinatutia wasiwasi hata BMI ikiwa nzuri. Mjamzito hatumpimi kwa jedwali hili. Mtoto naye ana majedwali yake ya umri na jinsia, tafadhali msimwekee namba za watu wazima.

Ukija, njoo asubuhi ukiwa na nguo nyepesi. Na kama umefunga nywele juu, tutakuomba uzishushe. Kibao lazima kiguse utosi, na tumeshawahi kumrudisha mteja apimwe upya kwa sababu ya sentimita 4 za nywele.