Barua kwa mwanangu anayefunga wakati wa kaskazi

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Uliniuliza kwa simu inakuwaje mtu afunge tangu alfajiri, abebe mawe kutwa katika jua la huko Malindi, na bado mwili usichemke wala damu isiishiwe sukari. Nimeona heri nikujibu kwa maandishi.

Joto la ndani ya mwili hukaa karibu na nyuzi 37. Katika ubongo ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo hulipima joto la damu inayoipitia; likizidi, huamuru mishipa ya karibu na ngozi ipanuke na jasho litoke. Lakini kinachopoza ni kule kukauka kwa jasho juu ya ngozi, na ndiyo sababu hewa yetu ya pwani, kwa unyevu wake mwingi, hutuchosha sana: jasho hutiririka mpaka likadondoka chini, maji na chumvi vikapotea, na joto likabaki palepale. Ukipata penye upepo, fanyia kazi hapo.

Sukari isikutie hofu, maana wewe ni mzima. Ini huweka akiba kutokana na daku, na sukari ikipungua katika damu, kongosho hutoa homoni ya glukagoni inayoliamuru ini liitoe akiba hiyo. Ukishafuturu, kongosho hilohilo hutoa insulini, na ziada ikaingia katika misuli na ini.

Maji hayana akiba ya namna hiyo, na hapo ndipo ninapokuogopea. Figo huchuja takribani lita 180 za majimaji ya damu kwa siku na kuyarudisha karibu yote, hata mkojo ukawa lita moja au mbili tu. Damu ikianza kukolea chumvi, kiu hukushika, na ubongo hutoa homoni inayozifanya figo zibane maji zaidi, ndipo mkojo unapokuwa haba na mweusi kama chai ya rangi. Hata hivyo figo hubana yaliyopo tu. Kwa hiyo kunywa kidogo kidogo tangu magharibi hadi daku. Ukiyabugia yote kwa mkupuo karibu na adhana, mengi utayakojoa asubuhi hiyohiyo.

Ukishikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, fungua, kwani mgonjwa ameruhusiwa. Na mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku mwili unamwaka moto, mtieni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na mumkimbize hospitali bila kungoja.

Wasalaam,
Mamako